Muziro wa Senene

Kamala alianguka akiwa na bakuli la senene mkononi, na kabla hajanyanyuka ukoo ulikuwa umeshapata sababu.

Msiba wa baba yao, Ta Rugaibula, ulikuwa umeingia wiki ya pili. Nyasi zilizotandikwa sebuleni zilikuwa zimelala na kunyauka, waombolezaji wa mbali walikuwa wamerudi makwao, na waliobaki walikuwa wa damu. Alfajiri ile senene walishuka Muleba kwa wingi. Violeth, mke wa Kamala, alitoka na wanawake wenzake, wakawaokota migombani, wakawanyonyoa mabawa na miguu, kisha akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, kwa kitunguu na chumvi. Bakuli la kwanza ni la mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa amelala nje, chini ya udongo ambao bado haujakauka, kwa hiyo Violeth alilipeleka kwa mumewe, mwana wa kiume pekee wa marehemu.

Kamala hakuwa amekula chakula cha maana tangu mazishi. Alitia konzi moja mdomoni, akatafuna, uso ukamkunjuka. Akamgeukia mkewe ili amsifu. Sifa haikutoka. Bakuli lilibingirika, senene wakatawanyika kwenye nyasi, na yeye akawafuata chini.

Kokuhirwa, dada yake mkubwa, alikuwa ameketi ng'ambo ya chumba. Wengine waliona mtu ameanguka. Yeye aliona taya likilegea kwanza, kisha shingo, kisha mabega, magoti yakiwa ya mwisho. Kifua kilipanda na kushuka sawasawa. Hapakuwa na povu wala mtukutiko. Macho yalibaki nusu wazi, na Violeth alipoinama, yalimfuata. Baada ya muda mfupi Kamala alijiinua mwenyewe, akapangusa suruali, akaanza kuokota senene mmoja mmoja kama mtu aliyefanya uzembe wa kawaida.

"Muziro umemkamata," alisema mtu kutoka kona ya wazee, kwa sauti ya anayesema mvua imeanza.

Hakuna aliyehitaji maelezo. Kila ukoo wa Kihaya una muziro wake, kitu ambacho watu wake hawali. Akina Rugaibula hawali pongo, mnyama wa msituni mfano wa swala. Senene wanakula, na wamekula tangu enzi za mababu. Lakini upande wa pili wa bonde kuna ukoo ambao muziro wao ni senene, na inasemwa kwamba mtu wao akionja, hata kwa kutojua, senene humdhuru. Hesabu ilikuwa fupi. Senene hawamwangushi mtu wa pongo. Kamala ameangushwa na senene. Basi Kamala si wa pongo, na kama si wa pongo, Rugaibula hakuwa baba yake.

Mbele ya mjane, Ma Joanitha, hesabu hiyo haikutamkwa. Nyuma yake ilitamkwa mpaka ikachoka.

Kokuhirwa alikuwa na maelezo mengine, na aliyaamini kwa sababu alikuwa ameyashika kwa mikono yake. Alifundisha fiziolojia katika chuo kikuu mjini Morogoro. Shahada yake ya uzamivu aliisomea Japani, ambako kwa miaka alishughulika na kitu kimoja tu: oreksini, peptidi ndogo inayotengenezwa na chembe hai chache zilizo sehemu ya chini ya ubongo. Walioigundua ndani ya panya waliipa jina linalotokana na hamu ya chakula, kwa sababu panya waliodungwa walikula kupita kiasi. Baadaye ilionekana kwamba kazi yake ni kubwa zaidi ya hapo. Ndiyo inayomshikilia kiumbe awe macho. Panya waliozalishwa bila oreksini walisinzia ovyo, na mara kwa mara, katikati ya kukimbia, walianguka pu, misuli imekufa, ubongo u macho. Na kulikuwa na jambo moja ambalo wanafunzi wapya hawakuliamini mpaka walione: ukitaka panya hao waanguke zaidi, wape chokoleti. Kitu kitamu kilitosha kuwaangusha.

Binadamu wenye upungufu huohuo wapo. Husinzia mchana, na hulegea wanapofurahi.

Ndipo Kokuhirwa alipomwona mdogo wake upya. Kamala aliyeondolewa shule akiwa kidato cha pili kwa kulala darasani. Kamala aliyetolewa kwaya ya usharika kwa kusinzia wakati wa mahubiri. Kamala ambaye baba yao alimtetea kwa neno moja, "Amechoka," miaka yote hiyo, hata alipokuwa hajafanya kazi yoyote.

Alikwenda kumwona Ta Mujuni. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa ukoo, mwalimu mstaafu wa hisabati, mtu asiyependa majungu na asiyependa pia jawabu lisilo na njia. Alimkuta akikagua mibuni yake.

"Daktari," Ta Mujuni alisema. Alimwita hivyo tangu alipohitimu, na mpaka leo Kokuhirwa hakujua kama ni heshima au dhihaka.

"Waitu, baba mdogo, nimekuja juu ya Kamala. Ni ugonjwa."

"Ugonjwa unaochagua senene?"

"Hauchagui senene. Unachagua furaha. Hata kicheko kinaweza kumwangusha."

Ta Mujuni aliling'oa tawi kavu. "Nimeona malaria. Nimeona pepopunda. Ugonjwa unaomvizia mtu mpaka afurahi sijauona."

"Mimi nimeuona. Kwa panya."

"Kwa panya." Alilirudia neno taratibu. "Kwa hiyo niwaambie wazee kwamba mtoto wa Rugaibula anaumwa ugonjwa wa panya, na ushahidi tunao, uko Japani."

"Siyo lazima uiseme hivyo."

"Niambie wewe niisemeje. Siku ya kuanua matanga lazima kiti cha kaka yangu kipate mtu. Kibanja kile, shamba lake la migomba na kahawa, kina makaburi yetu. Hatuwezi kumkabidhi mtu ambaye hatujui ni wa nani. Kama si wake, atapewa nafasi ya kuhama na mke wake na watoto wake, kwa utaratibu. Hatumfukuzi kama mbwa."

"Kuna mahakama."

"Ipo. Hakimu atauliza: baba wa huyu ni nani? Atakayesimama kujibu ni mama yako, mbele ya watu wa Muleba nzima. Au unavyo vipimo vya damu? Nenda kamwambie Joanitha unataka kumpima mwanawe."

Kipimo cha vinasaba Kokuhirwa alikuwa amekifikiria na kukiweka kando, si kwa kumwonea mama yake haya, bali kwa sababu za kitaalamu. Anguko lilikwishapata maelezo. Pasipo swali hapahitajiki kipimo.

"Nikikuonyesha?" akauliza. "Nikikuonyesha kwamba anaanguka bila senene, na kwamba akiwa chini anasikia kila neno? Mtu aliyekamatwa na muziro anasikia?"

Ta Mujuni alilifikiria hilo kwa uaminifu. "Kwa walivyosema wazee, hapana. Huwa kama maiti."

"Basi hapo pana tofauti inayopimika."

"Onyesha," alisema mzee. "Mimi sina ugomvi na jawabu. Nina ugomvi na kubahatisha."

Kesho yake Kokuhirwa alimpeleka Kamala Bukoba kwa daktari Hafidha, aliyesoma naye sekondari. Hafidha alikuwa mtoto wa Bakoba, mtaa wa mjini pale, wa nyumba ya Kiislamu ambayo babu zake walitoka pwani na kubaki, na alizungumza haraka kama mtu aliyeacha foleni ndefu mlangoni, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alimpima Kamala, akamhoji, akamtoa nje.

"Nakubaliana nawe," alisema. "Kipimo chenyewe kipo, ila hapa hatuna. Utoe maji ya uti wa mgongo, uyagandishe, uyapeleke ng'ambo, uombe yasiyeyuke njiani. Usingizi wake hatuna pa kuupima. Ila dawa za kupunguza kule kuanguka ninazo. Aanze leo."

"Aanze baada ya matanga," alisema Kokuhirwa.

Hafidha aliweka kalamu chini. "Unataka mgonjwa wangu abaki mgonjwa?"

"Akianza dawa anaweza asianguke. Asipoanguka, hakuna kitakachoonekana."

"Kokuhirwa, shoga yangu, huyu ni ndugu yako."

"Ndiyo maana."

"Haya. Yeye mwenyewe umemwuliza?"

Alikuwa hajamwuliza. Alimkuta ameketi kwenye benchi ya uani, akisinzia na karanga mkononi, akamgusa bega.

"Dada, amesema nini?"

Akamweleza yote, hatua kwa hatua, bila kulainisha: chembe zilizokufa, oreksini iliyokwisha, chokoleti, panya, mpango wa siku ya matanga. Kamala alisikiliza huku akimenya karanga bila kuzila.

"Kwa hiyo mtanichekesha mbele ya ukoo ili nianguke."

"Ukikubali."

"Na kiti changu kitategemea hapo."

"Ndiyo."

"Kule Japani panya mliwauliza?"

Kokuhirwa aliinamisha macho kwenye maganda ya karanga.

"Nakutania, dada. Nakubali. Kibanja kile nimekipalilia tangu nikiwa na akili. Ila usiniambie ni saa ngapi, nitajikaza bure." Alitupa maganda. "Lakini kuna kitu hujaniuliza. Umesema kwa uhakika kwamba nikiwa chini nasikia. Hujaniuliza huwa nasikia nini."

"Unasikia nini?"

"Watu hudhani nimelala tu, husema juu yangu kama wanavyosema juu ya meza. Nimejua mengi ya nyumba ile nikiwa nimelala kwenye nyasi. Huwa nikiinuka naokota nilichodondosha, basi."

Kokuhirwa aliyachukua maneno hayo kama ushahidi mzuri wa fahamu kutopotea. Hakuona zaidi ya hapo.

Jumamosi ya kuanua matanga, ukoo ulijaa. Mwinjilisti aliomba, akaimba na watu, akaondoka mapema kwa sababu yaliyofuata hayakuwa ya kanisa. Nyasi zilifagiliwa. Kiti cha Ta Rugaibula kiliwekwa katikati ya sebule, koti lake jeusi limetundikwa mgongoni mwa kiti, na hakuna aliyepita karibu nacho. Ma Joanitha alikaa chini upande wa jikoni, kitambaa cheupe kichwani. Tangu siku ya senene alikuwa amekonda. Alikuwa hasemi na mtu zaidi ya salamu.

Kokuhirwa alisimama akaeleza, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kihaya. Alieleza vizuri; alikuwa mwalimu. Alipofika kwenye chokoleti, mzee mmoja aliuliza iweje panya wa Japani wale chokoleti na wa Muleba wakose hata mahindi, watu wakaguna kwa kicheko. Kamala alijiumauma midomo, akatazama sakafu. Ta Mujuni akaweka utaratibu: Kamala akianguka, wazee watatu watamsogelea, kila mmoja atasema neno lake sikioni kwa sauti ya chini. Akiinuka ataulizwa. Akiyataja yote, muziro hauhusiki. Akikosa, mjadala umekwisha.

"Na iwe hivyo," alisema Kokuhirwa. "Mimi nitashika mkono wake nisikilize mapigo tu. Kuna swali?"

Swali halikuwapo. Wakaendelea na mambo mengine, nani atatunza kahawa, nani atajengea kaburi, mpaka watu wakaanza kusahau. Hapo ndipo Mutalemwa alipoingia kutoka nje.

Mutalemwa alikuwa mpwa wa marehemu, mtani wake rasmi, ambaye kazi yake msibani ni kuwatania waliofiwa wasizame. Aliingia akisukuma baiskeli ya Ta Rugaibula. Alikuwa amevaa kofia ya marehemu, na suruali ameibana kifundoni kwa ile klipu ambayo Rugaibula hakuwahi kwenda kanisani bila kuivaa. Alisukuma baiskeli kwa unyenyekevu mkubwa mpaka katikati, akaisimamisha, akaifuta kiti kwa leso, akaipa mgongo.

"Wakwe, majirani na wadeni," alisema kwa sauti ya marehemu hasa, ile ya puani. "Mnajua baiskeli hii niliinunua ningali kijana. Kila Jumapili nimeisukuma kwenda ibadani, na nimeisukuma kurudi. Mlimani nimeisukuma, mteremkoni nimeizuia. Huyu mpwa wangu mjinga, Mutalemwa, siku moja kaniuliza: mjomba, mbona huipandi?" Akawatazama mmoja mmoja kwa masikitiko. "Nikamwuliza: kwani wewe ng'ombe wako unampanda?"

Nyumba ililipuka. Hata Ta Mujuni alifunika uso kwa mkono. Kamala alikuwa ameona baiskeli ile ikisukumwa maisha yake yote. Alicheka kwa pumzi moja, kwa upendo mtupu, na taya likaachia.

Kokuhirwa alikuwa tayari. Alimdaka kichwa, akamlaza, akashika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa thabiti. Macho nusu wazi. Hakuna senene aliyeonekana nyumba nzima. Alihisi kile alichokuwa akikihisi maabara jaribio linapokwenda sawa, aina ya utulivu mkavu.

Mzee wa kwanza aliinama akasema neno lake, akaondoka. Wa pili akafuata. Ta Mujuni alikuwa wa tatu. Kisha, kabla hajaweza kumzuia, Ma Joanitha alivuka sebule kwa magoti na kuinama juu ya mwanawe, kitambaa chake kikafunika nyuso zote mbili. Alisema kwa Kihaya, upesi, kwa sauti ambayo haikuvuka zaidi ya mkono ulioshikwa.

"Mwanangu, dada yako amesema unasikia, na huwezi kunijibu wala kunitazama. Ndiyo maana nasema sasa. Muziro umekukamata kwa ajili yangu. Aliyekuzaa ni mtu wa ng'ambo ya bonde, wa muziro wa senene. Rugaibula alijua tangu nina mimba. Alisema mtoto ni wake, tusilitaje tena. Hatukulitaja. Nisamehe, mababu wakuachilie."

Akarudi kwa magoti alikotoka.

Chini ya vidole vya Kokuhirwa mapigo ya Kamala yalipanda, yakaenda mbio. Hapakuwa na dalili nyingine. Mwili ulikuwa umelala vilevile, uso vilevile, na ndani yake mtu alikuwa macho kabisa.

Mawazo ya Kokuhirwa yalikwenda kwa mpangilio, kama siku zote, na mpangilio haukumsaidia. Ukoo ulikosea kuhusu ugonjwa. Hilo lilikwishathibitishwa, kijana ameanguka kwa mzaha wa baiskeli. Ukoo haukukosea kuhusu baba. Nadharia mbovu ilitoa jibu sahihi. Jambo kama hilo hutokea, wanafunzi wake aliwaonya juu yake kila mwaka, na dawa yake alikuwa akiitaja kila mwaka: kusema wazi kilichoonekana, chote.

Kamala aliinuka. Alikaa sakafuni, akapangusa kiwiko. Safari hii hapakuwa na kitu cha kuokota.

"Umeturudia," alisema Ta Mujuni. "Haya. Mzee wa kwanza alisema nini?"

"Alisema dume lake lile jekundu limeuzwa Ngenge."

"Wa pili?"

"Kwamba mvua ya mwaka huu imechelewa kwa wiki mbili."

"Mimi?"

"Ulisema saba mara nane ni hamsini na nne. Nilitaka kukusahihisha, baba mdogo, ila mdomo haukufunguka."

Kicheko kilipita tena sebuleni, na kilikuwa kicheko cha watu waliokwisha kuamini. Ta Mujuni hakucheka. Alikuwa mtu wa kukagua kazi mpaka mstari wa mwisho.

"Ni sahihi. Lakini wa nne alikuwapo, nje ya utaratibu. Mama yako aliinama. Alisema nini?"

Ma Joanitha hakuinua kichwa. Kamala alimtazama mama yake, kisha kiti, kisha koti jeusi lililolala mgongoni mwa kiti.

"Mama alikuwa anasali," alisema.

"Maneno gani?"

"Ya kawaida. Aliniombea."

Ta Mujuni akageuka. "Daktari. Wewe ulikuwa hapo hapo. Tangu ukiwa mdogo nakujua, husemi usilolisikia. Ndivyo?"

Watu wote walimtazama. Kokuhirwa alitazama mikono yake, ile ambayo bado ilikuwa na joto la mkono wa Kamala. Katika maisha yake ya kazi aliwahi kumfukuza mwanafunzi kwa kubadili namba moja katika jedwali la namba nyingi. Alitaka kusema kwamba jaribio lilihusu fahamu tu na kwamba swali hili liko nje yake. Hilo lingekuwa kweli, na kila mtu chumbani angelijua maana yake.

"Ndivyo," alisema. "Alikuwa anasali."

"Basi," alisema Ta Mujuni. "Sina swali."

Walimvika Kamala koti la Rugaibula. Lilimpwaya mabegani. Wazee wakamshika mikono wakamkalisha kwenye kiti, wakamtaja kwa jina la baba yake na la babu yake na la aliyetangulia, mpaka majina yakaisha. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha Ta Mujuni akasema bado kitu kimoja, si kwa ubishi, kwa kukamilisha tu. Akaagiza senene.

Violeth aliwaleta katika bakuli lilelile, wamekaangwa upya, wanameremeta mafuta. Alipiga magoti akampa mumewe kwa mikono miwili.

Kamala alitia konzi mdomoni. Akatafuna. Akameza. Akatia nyingine. Kokuhirwa, aliyekuwa ameketi karibu kuliko wote, aliliangalia taya. Lilikwenda juu na chini, imara, kama la mtu anayetafuna dawa. Shingo ilisimama. Mabega yalikaa ndani ya koti. Alikula mpaka bakuli likabaki na mafuta tu, akalirudisha kwa mkewe, akasema asante.

Hakuanguka.

"Mnaona?" mtu alisema. "Wala muziro hauna habari naye." Vigelegele vikarudi kwa nguvu mpya, Mutalemwa akapanda baiskeli ndani ya nyumba na kuangusha kabati, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze nyumba ile ilikuwa na kelele za nyumba. Waliokuwa na shaka ndio waliocheza zaidi. Kwao huo ndio ulikuwa uthibitisho kamili, bora kuliko panya.

Kokuhirwa pekee ndiye aliyejua walichokuwa wameona: senene walioliwa bila furaha. Na mwenyewe aliyewala.

Jioni alimkuta Kamala kaburini, koti bado mwilini, akichomoa magugu machanga yaliyoanza kuota kwenye udongo. Alisimama upande wa pili.

"Dawa za Hafidha nimekuja nazo," alisema. "Unaweza kuanza kesho."

"Sawa."

"Kamala, lile aliloliamini mama si kweli. Muziro haukuhusika. Ungeanguka ungekuwa mwana wa yeyote."

"Najua, dada. Ulieleza vizuri." Alichomoa gugu lingine, akalitazama mizizi. "Yeye hajui. Anadhani ameniponya."

Kutoka nyumbani ilisikika sauti ya Mutalemwa, puani, akiirudia hadithi ya baiskeli kwa waliochelewa.

"Ulikuwa unaniangalia taya," Kamala alisema.

"Ndiyo."

"Wale panya wenu. Mlipowapa chokoleti na wasianguke, mliandika nini?"

"Tuliandika kwamba hakuna kilichotokea."

Kamala alitikisa kichwa kukubali, akainama tena juu ya udongo. Mlangoni mwa jikoni Ma Joanitha alikuwa amesimama na kitambaa chake cheupe, akiwatazama, akisubiri waingie ndani kula.